Mtu aliyeganda kwa hofu: amegwaya, ameduwaa au kapigwa na butwaa?

Sijui_Ngeli: Wakuu, naomba neno. Kwenye hadithi kuna binti anatoka kisimani, ndoo kichwani, mara anamkuta chatu kajiviringisha hatua tatu mbele yake. Hakimbii wala hapigi kelele. Nimeandika "Zuhura aligwaya" ila naona haikai sawa. Niweke nini?

Kalamu_Kavu: Mkuu, gwaya lina mtetemeko ndani yake. Anayegwaya hutetemeka, hurudi nyuma, husita kukabili jambo. Ndiyo maana kurasa za michezo hupenda "hatuigwayi timu yoyote". Pale hakuna aliyeganda, ni kumwogopa mpinzani tu. Zuhura wako akigwaya, maji ya ndoo yote yatamwagikia mgongoni. Jaribu duwaa.

Sijui_Ngeli: Duwaa si kushangaa?

Kalamu_Kavu: Ni kushangaa hadi ukakosa la kusema na la kutenda. Ila hofu si lazima iwemo, mtu huduwaa hata mbele ya gari la kifahari. Kwa hiyo hofu uilete kwa kitu kinachoonekana: "Alibaki ameduwaa, mate yamemkauka kinywani." Na angalia njeo. "Alikuwa anaduwaa" inachekesha, maana kuduwaa ni hali, kama kuchoka. Andika "alikuwa ameduwaa", au "akaduwaa" kwa ile nukta inapomshika.

Bi_Msamiati: Mbona mmelisahau bumbuwazi? (Wengine huandika bumbuazi, yote sawa.) Neno hilo hubeba hofu na mshangao kwa pamoja. Ni nomino, kwa hiyo litafutie kitenzi: mtu hushikwa au hupigwa na bumbuwazi. Butwaa nayo mtu hupigwa nayo, lakini imeelemea kwenye mshangao. Hata aliyeletewa habari njema asiyoitegemea hupigwa na butwaa. Kiwewe na taharuki ziache kabisa hapo. Mwenye kiwewe hupaparika, anaweza hata kukimbilia kulekule aliko nyoka.

Sijui_Ngeli: Na kuganda je? Vijana ndilo wanalotumia.

Bi_Msamiati: Linafaa, mradi uitaje hofu. Ukisema tu "Zuhura aliganda kisimani", msomaji ataona kang'ang'ania kukaa, kama mgeni aliyemganda mwenyeji wake. "Aliganda kwa hofu" haina utata. Kufa ganzi mpe kiungo: miguu, ulimi, vidole.

Sijui_Ngeli: Basi hivi: "Zuhura alishikwa na bumbuwazi, akaduwaa, akaganda kwa hofu, miguu imekufa ganzi."

Kalamu_Kavu: Hapana mkuu, umemgandisha mara nne! Chagua moja. Mimi ningeacha "Zuhura alishikwa na bumbuwazi. Miguu ilikufa ganzi, maji ndooni hayakutikisika", duwaa nikaliweka akiba kwa mama yake atakapousikia mkasa wenyewe.