Mko wapi leo? (kikundi cha familia)

Mama Tumaini: Shikamooni wazazi. Wengine, habari za asubuhi. Tumeamka salama. Jana sikuandika, nilikuwa bado natetemeka. Tela letu tunaloishi safarini liliyumba barabarani.

Bibi: Marahaba mwanangu. Liliyumba vipi? Watoto wazima?

Mama Tumaini: Wazima mama, hakuna aliyeguswa. Tulikuwa tunateremka mlima, lori likatupita, upepo wake ukalisukuma tela. Likaanza kwenda kushoto na kulia, kila likirudi linazidi, mpaka gari lenyewe likawa linaburutwa mkia. Baba Tumaini akaondoa mguu kwenye mafuta, akashikilia usukani bila kushindana nao, breki hakuigusa. Likatulia. Zilikuwa sekunde chache, ila kwangu zilikuwa ndefu mno.

Babu: Alifanya sawasawa. Angekanyaga breki kwa nguvu pale, tela lingemsukuma kutoka nyuma na kujikunja. Sasa niambieni, nyuma ya magurudumu mlipakia nini?

Baba Tumaini: Shikamoo baba. Hapo ndipo tulipokosea. Juzi tulihamishia masanduku mawili ya vitabu vya watoto kwenye kabati la nyuma, tupate nafasi ya kupita. Baiskeli nazo zimefungwa huko huko. Na tangi la maji liko nyuma, tulilijaza lote, lita 90.

Babu: Marahaba. Lita 90 ni kilo 90. Ongeza baiskeli na vitabu, umepandisha watu wazima wawili mkiani! Mkia ukizidi uzito, pua, yaani ile sehemu ya mbele inayokaa kwenye gari, inanyanyuka, na tela lisilokandamiza gari kwa mbele likisukumwa kidogo tu linayumba. Vizito vyote sakafuni, karibu na ekseli, ule mhimili wa magurudumu. Makabati ya juu ni ya nguo na mashuka.

Baba Tumaini: Ndivyo tulivyofanya jana jioni. Tulishusha kila kitu. Nikapima uzito wa pua kwa mzani wa bafuni, tela likiwa limelala sawa na magurudumu yamezuiwa, nikasimamisha kipande cha mbao kati ya mzani na ile shingo inayoshika gari. Kabla ya kupanga upya ilisoma kilo 31. Baada ya kupanga, kilo 79. Kitabu cha gari kinaruhusu 100, cha tela 85, kwa hiyo tunafuata 85.

Babu: Vizuri. Siku zote fuata kile kidogo.

Shangazi: Wifi, pole sana. Mimi na mume wangu tumekuwa tukiwafuatilia miezi yote 7 hii, tunafikiria na sisi tutoke mwakani. Niambie ukweli, kigumu ni nini hasa? Barabara?

Mama Tumaini: Asante wifi. Barabara unaizoea. Maji na betri pia, unajifunza kuoga kwa lita chache, na zile betri za asidi unajifunza kutozishusha chini ya nusu ya chaji, zinakufa mapema. Friji ya gesi inataka tela liwe limelala sawa, la sivyo haipoi. Hayo yote yana dawa. Na nunueni king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, kabla hamjanunua hata godoro. Gesi ile haina rangi wala harufu, na chumba chetu ni kidogo.

Kigumu ni kuagana. Mwezi wa tatu wa safari mtoto wetu mdogo alilia usiku mzima. Alikuwa amepata rafiki kwenye kambi, siku nne tu, tukang'oa nanga. Akaniuliza, "Mama, kwa nini tunawaacha watu kila tukiwapenda?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumekubaliana: pakiwa na watoto wenzao tunakaa wiki mbili au zaidi, hata kama ratiba inavurugika. Tumeacha kuhesabu kilomita. Wamebadilika, hata masomo ya asubuhi sasa wanayakimbilia.

Bibi: Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Asante kwa kuniambia.

Shangazi: Na mimi nimelisikia. Tulikuwa tumepanga kila siku mbili tuhame. Narudi kwa mume wangu tuanze upya.

Babu: Baba Tumaini, kabla hamjaondoka. Tairi za tela huzeeka kabla ya kuwa kipara, maana linasimama kuliko linavyotembea. Ubavuni tafuta tarakimu nne, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 3518, ilitengenezwa wiki ya 35, mwaka 2018. Huenda upande mmoja hazipo, basi ingia chini utazame upande wa ndani.

Baba Tumaini: Naenda sasa hivi.

Mama Tumaini: Ameingia uvunguni na tochi. Tumaini amemfuata.

Mama Tumaini: Shikamoo babu, ni mimi Tumaini. Nimesoma mwenyewe. La kulia 1421. La kushoto 1114. Baba amenyamaza tu.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. La kushoto ni la mwaka gani?

Mama Tumaini: 2014 babu, wiki ya 11. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Baba anasema hatuondoki mpaka tupate jingine.

Bibi: Kaeni hapo hapo.

Babu: Na lile la akiba umelisoma?

Mama Tumaini: Bado babu. Naenda.