Mjadala: China na Pakistan, nani hasa ananufaika na urafiki huu?

Ndugu zangu, tangu India na Pakistan zipigane siku nne mwezi Mei 2025, kila wanapokutana watu wanaofuatilia siasa za dunia ubishi ni uleule. Wapo wanaosema Pakistan imepata rafiki wa kweli, China, na nchi zetu ziige. Wapo wanaosema Pakistan imeshauzwa, imebaki na bendera tu. Naweka msimamo wangu mapema: kwenye silaha Pakistan imefaidika, tena sana. Kwenye uchumi wananchi wake wameumia, na aliyewaumiza zaidi ni serikali yao wenyewe kabla ya Mchina. Anayepinga alete hoja.

Nianze na wanaosema ni ukoloni. Pakistan iliitambua serikali ya kikomunisti ya Mao kule China Januari 1950, na ubalozi ukafunguliwa rasmi Mei 1951, wakati viongozi wa Pakistan wakiwa upande wa Magharibi. Kilichowaleta pamoja hakikuwa itikadi, kilikuwa India. China ilipigana na India 1962. Mwaka uliofuata Pakistan ikaelewana na China kuhusu mpaka wa milimani na kuiachia bonde la Shaksgam, ambalo India inalidai mpaka leo. Marekani iliposimamisha silaha wakati wa vita vya 1965, vifaru na ndege vikaanza kutoka China. Na Pakistan ililipa fadhila. Julai 1971 Henry Kissinger, mshauri wa rais wa Marekani, akiwa Islamabad, ilitangazwa kwamba anaumwa tumbo na amekwenda kupumzika milimani, kumbe yuko ndani ya ndege ya Pakistan anaelekea Beijing. Safari hiyo ndiyo iliyomfungulia Rais Nixon njia ya kwenda China 1972. Nchi iliyouzwa haipewi kazi ya kuwapatanisha wakubwa.

Lakini wanaosifia nao wasikimbie mwaka huohuo. Desemba 1971 Pakistan ilipokatika vipande viwili na Bangladesh ikazaliwa, China haikuleta askari hata mmoja. Ilichofanya ni kutumia kura ya turufu mwaka 1972 kuizuia Bangladesh isiingie Umoja wa Mataifa. Na mpaka leo hakuna mkataba unaoilazimu China kuingia vitani kwa ajili ya Pakistan. Ule wa 2005 ni wa urafiki na ujirani mwema. Mkataba wa kulindana China inao na Korea Kaskazini, tangu 1961. Kwa hiyo Pakistan ilipotia saini mkataba wa kulindana na Saudi Arabia, Septemba 2025, mimi niliona inajaza pengo ambalo Beijing haijawahi kukubali kulijaza.

Kwenye silaha zenyewe hakuna ubishi mkubwa. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia biashara ya silaha duniani, inasema asilimia 81 ya silaha ambazo Pakistan iliagiza kati ya 2020 na 2024 zilitoka China. Ndege za kivita za J-10C, za Kichina, ziliingia kazini 2022. Mei 2025 Pakistan ikasema zimeangusha ndege za India, zikiwemo Rafale za Ufaransa. India ilikataa hesabu ya Pakistan, lakini mwisho wa mwezi huo mkuu wake wa majeshi, Jenerali Anil Chauhan, alikiri kwamba ndege zilipotea, bila kutaja ngapi. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi liko Kamra, kwenye kiwanda cha ndege cha Pakistan. Pale wanaunda ndege ya kivita ya JF-17 waliyoibuni pamoja na Wachina, na wameshaiuza nje. Nigeria ilipokea tatu mwaka 2021. Waliomba ujuzi, siyo bidhaa peke yake, na wakaupata.

Sasa tuje kwenye uchumi, maana ndipo ninapotofautiana na wengi.

Aprili 2015 Rais Xi Jinping wa China alifika Islamabad, na ule mradi wa ushoroba wa uchumi wa China na Pakistan, wa barabara, bandari na mitambo ya umeme, unaoitwa CPEC, ukazinduliwa kwa ahadi za dola bilioni 46. Pakistan ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme, viwanda vinasimama, watu wanalala gizani. Mitambo ikajengwa haraka kweli, hilo lazima tulikubali. Tatizo ni masharti. Serikali ilikubali kulipia uwezo wa mtambo hata kama umeme wake haununuliwi, na malipo yakafungwa kwenye dola. Rupia ikiporomoka, bili inapanda. Chukua mtambo wa Sahiwal, megawati 1,320. Uko ndani kabisa ya Punjab, na ulijengwa utumie makaa ya mawe yanayotoka ng'ambo: yanashushwa bandarini kusini, kisha yanapakiwa kwenye treni kwa safari ya karibu kilomita 1,000. Nani alikaa mezani akaona hiyo ni akili? Siyo benki ya Beijing iliyochagua Sahiwal. Wanasiasa walitaka mtambo kwenye jimbo lenye kura.

Matokeo yake bili za umeme zimewashinda watu, na wananchi wakajitafutia njia. Mwaka 2024 Pakistan iliingiza paneli za sola zenye uwezo wa gigawati 17 hivi, karibu zote kutoka China. Kila mwenye uwezo anaweka paneli juu ya paa na kupunguza umeme wa gridi. Asiye na uwezo ndiye anabaki kubeba gharama ya mitambo ile. Ukitazama biashara nzima, bidhaa za China zinazoingia Pakistan zinapita dola bilioni 20 kwa mwaka, na za Pakistan zinazokwenda China hazifiki bilioni 3. Deni la nje linalodaiwa na China ni zaidi ya moja ya tano ya deni lote. China huongeza muda wa kulipa, lakini kufuta haifuti, na Pakistan ikakimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kwa mkopo wa dola bilioni 7 mwaka 2024.

Gwadar, mji wa bandari wa CPEC kwenye jimbo la Balochistan, ndiyo inayoniuma, na sisi wa mwambao tuna sababu ya kuijua. Mji ule ulikuwa chini ya masultani wa Oman tangu 1783, na enzi za Seyyid Said ulikuwa na mtawala mmoja na Unguja. Wabulushi wa Mombasa na Zanzibar, wengi wazee wao walitoka pande hizo wakiwa askari wa masultani. Pakistan iliununua kutoka Oman mwaka 1958 kwa pauni milioni 3. Leo bandari yake inaendeshwa na kampuni ya China. Mwaka 2017 waziri wa bandari, Hasil Bizenjo, aliliambia baraza la seneti kwamba asilimia 91 ya mapato yatakwenda kwa kampuni hiyo kwa miaka 40, na 9 kwa mamlaka ya bandari. Jimbo la Balochistan halikutajiwa fungu lake.

Uwanja mpya wa ndege umefunguliwa Januari 2025, mkubwa na wa kisasa, katika mji wenye shida ya maji na unaotegemea umeme wa Iran. Mwishoni mwa 2021 wavuvi na wanawake waliandamana wiki baada ya wiki wakiongozwa na Maulana Hidayat ur Rehman. Hawakudai makubwa. Walidai meli kubwa zinazokomba samaki ziondolewe, vizuizi vya askari vipunguzwe, maji yafike.

Wapiganaji wa Kibulushi, wanaotaka Balochistan ijitenge, nao wameua Wachina. Aprili 2022 walimu watatu wa Kichina waliuawa kwa bomu kwenye Chuo Kikuu cha Karachi. Hilo silitetei kwa namna yoyote, mwalimu wa lugha hana kosa. Ila serikali inayojibu kilio cha mvuvi kwa kuongeza askari, inawapa wenye mabomu vijana wa kuwaandikisha.

Watetezi wa CPEC, nawauliza: kama majenerali waliweza kudai kiwanda na ujuzi pale Kamra, kwa nini mawaziri hawakudai fungu la jimbo pale Gwadar? Mnaosema ni ukoloni, nanyi nijibuni: mwaka 2015, Pakistan ikiwa gizani, nani mwingine alikuwa tayari kuweka dola bilioni 46 mezani?