Natumwa Walvis Bay mwezi wa kumi: nitaona ndege wa bahari wanaozalia miambani?

Deklaran_Lushi
Wakubwa na wadogo, jambo yenu. Nafanya kazi ya deklarasiyo, yaani makaratasi ya forodha, hapa Lubumbashi. Mwezi wa kumi bosi ananituma Walvis Bay, Namibia, kufuatilia makontena mawili ambayo makaratasi yake yamekwama. Nitapanda lori linaloenda kupakia. Kazi yenyewe ni ya siku mbili, lakini lori litakaa siku tano, kwa hiyo siku tatu ni zangu.

Sasa msinicheke. Mwaka huu nimeshikwa na ugonjwa wa kutazama ndege. Ulianza na video ya Bass Rock, mwamba ulio baharini kule Scotland. Mwanzoni niliona jiwe jeupe tu, nikadhani limemwagiwa unga wa bukari. Kamera iliposogea, unga ukaanza kupiga mabawa. Tangu hapo silali vizuri.

Naomba ushauri: pwani ya Namibia ina miamba kama ile? Siku tatu nizitumie wapi? Na jumele, yaani darubini ya macho mawili, ya kununua ni ipi? Mtoto wa mtaa wa Katuba kama mimi, ndege ninaowajua ni kunguru na mwewe.

Shofere_Kasumbalesa
Petit, barabara hiyo naijua kama njia ya chooni kwangu. Kasumbalesa, Lusaka, Livingstone, mnavuka Zambezi kwenye daraja la Katima Mulilo, kisha ule ukanda mrefu wa Caprivi, Rundu, mnashuka mpaka baharini. Usiwaahidi watu saa ya kufika. Foleni ya mpaka wa Kasumbalesa peke yake inaweza kukumaliza siku zako tatu kabla hujaona hata shakwe.

Ndege nimewaona. Ukitoka Walvis Bay kwenda Swakopmund, kama kilomita kumi tu, tazama kushoto baharini. Utaona kitu kama meza kubwa ya mbao imesimama juu ya maji, imejaa ndege weusi. Upepo ukitoka upande huo utaijua kwa pua kwanza. Nilisimama pale mara moja saa kumi na moja jioni, jua likanipiga machoni, sikuona ila vivuli. Nikapiga picha kumi na mbili, zote nyeusi.

Papa_Kundelungu
Mwanangu, mimi nilifundisha biolojia miaka mingi, na swali lako limenifurahisha. Lakini nianze kwa kukuvunja moyo kidogo: ukienda Namibia kutafuta genge refu lililojaa ndege kama la Scotland, utarudi na huzuni. Pwani ile sehemu kubwa ni mchanga. Ndege wa bahari wa kule huzalia kwenye visiwa vidogo vya mawe, Mercury, Ichaboe, Halifax, Possession, vyote kusini, upande wa Lüderitz. Kutoka Walvis Bay mpaka Lüderitz ni zaidi ya kilomita 650 za barabara, na visiwa vyenyewe vinalindwa, havikanyagwi hovyo. Kwa siku tatu, achana navyo.

Hiyo meza anayoisema shofere ina hadithi yake. Ni jukwaa lililojengwa miaka ya 1930 ili ndege walale juu yake na mavi yao yakusanywe, yaani gwano, mbolea kali kuliko samadi ya ng'ombe. Wengi wao ni minandi wa Cape, wale weusi wenye ngozi ya njano kooni. Huzaa kuanzia Septemba hivi kuendelea, basi Oktoba yako imeangukia mahali pake. Scotland ni kinyume: huko wanazaa kuanzia Aprili hivi, na Oktoba ikiisha mwamba unabaki na upepo.

Kwa nini ndege wawe wengi mbele ya jangwa? Kuna mkondo baridi unaitwa Benguela. Upepo unasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, maji ya chini yenye rutuba yanapanda kuchukua nafasi yake, vijimea vinaota, samaki wanakula vijimea, ndege wanakula samaki. Jangwa liko nchi kavu tu. Baharini ni shamba.

MamaTomsoni
Na samaki wenyewe tunakula sisi hapa! Tomsoni ninayouza sokoni, katoni nyingi zimeandikwa Namibia. Kwa hiyo mimi na hao ndege tunagombania sahani moja. Kaka Deklaran, uwaombe radhi kwa niaba yangu.

Papa_Kundelungu
Mama, umetania lakini umegusa kidonda. Aliyewaumiza zaidi ni dagaa, si tomsoni. Mpaka miaka ya 1960 dagaa walikuwa wengi mno katika maji ya Namibia, wakavuliwa kupita kiasi, wakaisha. Ganeti wa Cape, ndege mkubwa mweupe, ndugu wa yule uliyemwona Bass Rock, karibu watoweke upande wa Namibia. Pengwini nao waliumia mara mbili. Zamani walichimba mashimo ya viota ndani ya gwano, maana ilikuwa imelundikana kwa mita nyingi. Mwaka 1844 mamia ya meli zilijazana Ichaboe, zikaikwangua mpaka kwenye jiwe. Tangu hapo pengwini anatagia juani, shakwe akimchungulia yai. Mwaka 2024 aliwekwa kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Dada_wa_Leith
Jambo kaka. Mimi ni mwana wa Bel-Air, hapo Lubumbashi, naishi Edinburgh, na Bass Rock yako iko mlangoni kwangu. Unapanda treni mpaka North Berwick, kama nusu saa, kisha boti. Miaka ya nyuma palihesabiwa viota zaidi ya 75,000. Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliingia, na hesabu ya 2023 ilikuta kama 52,000. Kuna jambo moja limenikaa kichwani: ganeti ana jicho la buluu hafifu, lakini baadhi ya walioponea ugonjwa ule jicho limegeuka jeusi. Mara ya mwisho boti ilipokaribia niliacha kuangalia mbizi zao nikaanza kutafuta macho. Nilimwona mmoja. Alikuwa amelalia yai kama wengine, yaani anaweka nyayo zake zenye utando juu ya yai, ndivyo wanavyolipasha joto.

Lakini usije na wivu. Nilitapika boti nzima. Vaa joto, kula kidogo, usikae nyuma penye moshi wa injini.

Deklaran_Lushi
Dada, aksanti sana. Kwa hiyo ganeti wa karibu nao ni wapi, kama Walvis Bay hawapo?

Dada_wa_Leith
Kupita wanapita, wakivua nje ya ghuba, mweupe mwenye kichwa cha rangi ya asali na ncha nyeusi za mabawa. Ukiona kitu cheupe kinaanguka kutoka juu kama jiwe, ni yeye. Ila kwa kiota, siku moja nenda Lambert's Bay, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 250 kaskazini ya Cape Town. Kisiwa chao kimeunganishwa na bandari kwa ukuta, unaingia kwa miguu, unakaa kwenye kibanda cha kutazamia, ndege wako mita chache mbele yako. Msimu wa 2005 kuingia 2006 sili waliwashambulia hadi wote wakahama. Wahifadhi wakapanga ganeti bandia ili walio hai wadanganyike kuwa wenzao wamerudi. Wakarudi kweli. Kwa Kifaransa wanaitwa "fou", wazimu, lakini wazimu gani huyu anayeogopa kukaa peke yake?

Kijana_Golf
Samahani, lakini kwa siku tatu bure katika mji wa bandari, mtu anatazama kunguru wa baharini? Nunua gari, urudi uuze.

Shofere_Kasumbalesa
Mwache mwenzako. Magari yatamngoja.

Papa_Kundelungu
Turudi kwenye jumele. Utaona zimeandikwa namba mbili, kama 8x42 au 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Vijana hukimbilia 10 au 12 wakidhani ni bora. Kwenye boti mkono unatetemeka, na kila kinachokuzwa, mtetemo nao unakuzwa. Chukua 8x42. Na usiijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa Namibia. Jumamosi moja panda basi la Likasi, fika ziwa la Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha. Minandi wadogo wapo, wanakaa kwenye miti mikavu wakianika mabawa. Jifunze kumpata ndege ndani ya kioo: macho yasimwache, jumele ndiyo iletwe machoni.

Siku ya jukwaa, fika kati ya saa nne na saa sita. Mapema zaidi ukungu unafunika kila kitu, na mchana upepo wa baharini unaleta mchanga. Jua la asubuhi litakuwa mgongoni mwako, maana nchi iko mashariki na bahari magharibi. Shofere alishindwa kwa hilo tu.

Shofere_Kasumbalesa
Miaka yote hiyo nilidhani simu ndiyo mbovu.

Niongeze la baridi. Oktoba hapa kwetu lami inayeyuka, utaondoka na shati. Ukifika kule asubuhi utatafuta blanketi. Beba koti zito. Na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano, wanakiuliza mipakani.

Deklaran_Lushi
Nimerudi tangu juzi. Foleni ilinila siku moja kweli, zikabaki mbili.

Siku ya kwanza nilipanda boti ya asubuhi kwenda Pelican Point. Sili alirukia nyuma ya boti kama abiria aliyechelewa, akapewa samaki, akashuka. Mwari alikuja kutua pembeni yangu, nikaona mfuko wa koo lake kwa karibu, una mishipa myekundu kama jani la mboga. Ganeti niliona watatu, mbali. Mmoja alikunja mabawa nyuma, akaingia majini, nikahesabu moja, mbili, tatu, akaibuka akimeza.

Siku ya pili, jukwaa. Nilifika saa tatu na nusu kwa pupa. Ukungu. Nilisikia tu, sauti kama watu mia wanakoroma pamoja. Nikakaa juu ya mchanga, koti mpaka masikioni. Saa nne na kitu ukungu ukafunguka kuanzia chini: kwanza nguzo, kisha mbao, kisha wao. Papa, sikuweza kuhesabu. Na kutoka baharini walikuwa wanafika kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, chini kabisa juu ya maji, mstari usiokatika, kama malori ya shaba barabara ya Kasumbalesa. Baadhi walibeba majani ya bahari mdomoni. Nilimfuata mmoja kwa jumele mpaka kwenye ukingo. Aliweka jani lake, akageuka upande wa pili, na jirani yake akanyoosha shingo taratibu akalichukua akaliweka kwake. Aliporudi akatazama pale palipokuwa na jani. Akaruka tena baharini.

Ndipo bosi akapiga simu kuuliza kontena la pili limetoka au bado.

MamaTomsoni
Na lilitoka?

Deklaran_Lushi
Bado, mama. Itabidi nirudi mwezi wa kumi na mbili. Papa, makinda watakuwepo bado?

Papa_Kundelungu
Watakuwepo. Nenda saa nne, si saa tatu na nusu.