Kabati lenye sehemu ya siri, nimwambieje fundi?

mamaK_Tanga: Habari zenu wakuu, mwaka jana wezi waliingia kwangu wakapekua mpaka godoro wakalichana, dhahabu za marehemu mama zikaenda zote. Sasa nachongesha kabati la mninga, nataka sehemu ya kufichia hati ya kiwanja na vitu vidogo, iwekwe wapi isishtukiwe?

FundiRanda: Pole sana dada angu. Mi nachonga, mwambie fundi atumie kitako, kule chini kabisa mbele huwa panazibwa na ubao wa kama sentimita 8 na nyuma yake patupu tu. Huo ubao asiupige misumari, aushike kwa sumaku, unauvuta unatoka. Droo yenye sakafu mbili nayo ipo ila asizidishe, mtu akiona kwa nje ina sentimita 20 halafu mkono ndani unaishia 12 ashajua.

Mpwani77: Haya mambo ya zamani sana huku pwani, yale masanduku ya Zanzibar ya misumari ya shaba mengi yana kijisanduku ubavuni kwa ndani, na mengine ukiinua ubao wake unakuta vidroo vya siri. Bibi alikuwa anaweka pete zake humo kafunga kwenye kipande cha leso.

mjukuu_wao: Hati funga kwenye nailoni kwanza, mchwa na unyevu havina huruma. Na mwambie mtu mmoja unayemuamini, baba mdogo alifariki tukauza kitanda chake, aliyenunua ndo akakuta hela kwenye ubao wa kichwani, bahati akarudisha.

mamaK_Tanga: Asanteni sana jamani, dada angu ntamwambia. Jumamosi naenda kwa fundi.