Naomba ushauri: nyumba ya mawe Mji Mkongwe, ukuta unatoa chumvi

Assalaam aleykum wakuu. Tuna nyumba ya urithi ya ghorofa moja hapa Mji Mkongwe, Unguja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Mpangaji wa zamani aliipiga plasta ya saruji chini yote, na sasa unyevu hauna pa kutokea. Rangi inavimba kama malengelenge, ukiigusa inamwagika unga mweupe wa chumvi, na unyevu umepanda ukutani hadi usawa wa kiuno.

Fundi wa kwanza anataka kuongeza saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Mimi sikubali, maana saruji ndiyo iliyofunga ukuta usipumue. Wa pili anasema tubandue yote, ukuta ukauke kwanza, ndipo tupige chokaa. Huyu namwelewa, ila kuukausha huo ukuta ni muda gani? Na chokaa cha kuloweka mnakipata wapi siku hizi, au mnachanganya cha mifuko?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni boriti mbili upande wa bafu la juu. Ncha zilizoingia ukutani zimeoza, bisibisi inazama bila nguvu. Juu yake kuna sakafu ya mawe na chokaa, uzito si mchezo. Kuna aliyewahi kubadilisha boriti bila kubomoa sakafu? Najua kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima. Waliokipata karibuni, je, walitakiwa kupeleka michoro ya msanifu hata kwa ukarabati wa namna hii?