Ameweka kikombe cha chai juu ya cheti changu cha ufundi cha VETA!

Wakuu wa Kusini, nimetoka huko sasa hivi na mkono bado unatetemeka. Jina la mwajiri simtaji. Yeyote aliyewahi kuzunguka Mtwara mjini na bahasha ya vyeti anamjua huyo bwana, na kama humjui basi hujawahi kutafuta kazi.

Nimekwenda kuomba kazi ya kuchomelea vyuma. Cheti changu cha ngazi ya 3 hakijawahi hata kukunjwa ncha, nakitunza kwenye plastiki. Nikakitoa ili akisome vizuri. Akakishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma, akaniuliza, "Sawa, na cheti cha shule kiko wapi?" Akakilaza mezani. Akaweka kikombe juu yake. Chai ya maziwa, imejaa hadi ukingoni!

Jamani, kikombe! Meza yenyewe ndege inatua na kugeuza! Akaona mahali pa kukiweka ni pale tu, kwenye jina langu.

Kisha, bila hata kuniangalia: "VETA si wanakwenda waliofeli?"

Hivi anajua anachosema? Sheria ya VETA ni ya mwaka 1994. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na zaidi analipa SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu ya hela hiyo ndiyo inaendesha vyuo vya ufundi. Yaani kila mwezi anachangia watu kama mimi tufundishwe, halafu tukimfikia na cheti anakifanya kisahani! Tangu 2024 sekondari zina mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, kila mkutano ni viwanda, viwanda. Vitachomelewa na nani? Na digrii? Bomba la gesi limetoka hapa Madimba likafika Dar 2015, mkandarasi Mchina, sisi tukabaki na mageti na nondo za madirisha. Na kwa akili za kikombe tutabaki hivyo hivyo.

Nilipokiinua kuna duara la kahawia limepita juu ya jina la baba yangu. Nimefuta kwa shati, limezidi kutanuka. Juu ya CHETI, wakuu!

Mwana_Chuno: Pole sana kaka. Huyo huyo alimwambia mdogo wangu wa ushonaji akashone nepi.

Kangomba77: Uzi wote huu kisa chai. Ilikuwa na tangawizi?

Mleta uzi: Nimesema ya maziwa! Cheka tu, siku yako inakuja.

Kangomba77: Mkuu, na wewe ulipeleka cheti halisi cha nini? Kopi shilingi ngapi?

FundiLigula: Mimi nimejifunzia gereji, sina karatasi hata moja. VETA wana ule urasimishaji wa ujuzi, wanakupima unachokijua wanakupa cheti. Nilitaka kwenda mwezi ujao. Sasa mmenikatisha tamaa.

Mama_Nachingwea: Nenda mwanangu, usimsikilize. Ila hiyo amali mnayoisifu, mwanangu yuko huko. Randa ameichora daftarini, pande zote, na majina ya sehemu zake. Kuishika hajaishika. Karakana ni darasa lililobadilishwa kibao cha mlangoni.

Mkilwa_Halisi: Afadhali ninyi mna wa kumlalamikia. Gesi ya Songo Songo inatumika tangu 2004, njooni Kilwa mvua ikinyesha muone barabara.

Mwana_Chuno: Barabara tena? Mada ni ajira.

Mkilwa_Halisi: Utafikaje kazini bila barabara?

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye kikombe. Mtu kama huyu anafanywaje?

Kangomba77: Anafanywa mwenyekiti wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. 😂 Huko hata cheti hawaulizi.

Bibi_Newala: Usiguse AMCOS! Nimepeleka korosho ghalani, mnada umepita, hela mpaka leo sijaiona. Wajukuu wanarudishwa nyumbani kutoka shule kisa michango.

Tandahimba_Juu: Bibi, sisi salfa, dawa ya mikorosho, ndiyo imetumaliza. Imekuja maua yameshaungua kwa ugonjwa wa ubwiriunga.

FundiLigula: Ya unga au ya maji?

Tandahimba_Juu: Ya unga, na mifuko mingine imeshagandamana.

Bibi_Newala: Hiyo ya kugandamana hata sisi tumepewa. Mlikwenda kuirudisha?