HOJA: Kijiji kikishageuzwa mji mdogo, mwananchi anapata nini?

Mzee wa Kitonga: Kamwene wakuu. Kuna dada wa anthropolojia yupo huku kwetu Ilula, Iringa, anatafiti vijiji vinavyogeuka miji, juzi kikaoni akauliza hivi, mlipoacha kuwa kijiji mlipata nini? Watu kimya, mmoja akasema taa za barabarani, wenzake wakacheka. Zamani tulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji, ardhi inakaa chini ya ile sheria namba 5 ya 1999, mtu hagawi eneo mpaka halmashauri ya kijiji ikae. Saivi ni Mamlaka ya Mji Mdogo, kijiji hakipo, umebaki na mwenyekiti wa kitongoji ambaye hata muhuri wake watu wanauuliza maswali. Je, tumepanda au tumeshushwa?

Kibaigwa Halisi: Swali zuri mkuu ila tusidanganyane, Ilula sio mji, ni genge la nyanya lililopanuka. Hamisha barabara ya TANZAM leo uone kama kuna mtu atalala hapo. Mji ni Kibaigwa, soko la mahindi mpaka wa nje ya nchi wanakuja kupakia.

Mnyalu Asilia: Genge???? Wewe Kibaigwa ukitoa barabara ya Dodoma kinabaki nini, vumbi na magunia? Mahindi yenyewe mengine yanatoka Kiteto huko sio yenu, nyie mmekaa njiani tu mnadaka. Sisi nyanya tunalima wenyewe, vitunguu wenyewe, nyumba za bati na tofali za kuchoma zimejengwa na nyanya, hamna mfadhili.

Msomi Njaa: Nirudishe kidogo kwenye mada. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen pamoja na SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, walishaisoma miji minne ya namna hii, Ilula, Kibaigwa, Madizini na Igowole kule kwenye chai. Nadhani walikuwa wanaanthropolojia. Walichokuta ni kwamba mazao ndo yamevuta watu, serikali imekuja baadae na kibao. Na sensa inasema asilimia 30 ya Watanzania wako mijini sasa.

Karani 22: Wanaanthropolojia wapi, wale wengi ni watu wa jiografia na kilimo. Na hiyo 30 ni ya 2012 tena kasoro, sensa ya 2022 ni 34.9. Msomi soma.

Msomi Njaa: Sawa karani, umehesabu kaya ngapi wewe mpaka unafoka.

Mama Wawili: Mnabishana asilimia, mimi niwaambie mji unaonekana wapi. Kwenye umeme. Kuunganishiwa kijijini ni 27,000, mjini tangu Januari 2022 ni 320,960. Nyumba ile ile, mgomba ule ule nje, kuku wale wale, ila ukiitwa mji unalipa laki tatu na ushee. Ndo mkaanza kusikia vijijimiji, yaani nusu kijiji nusu mji, watu wanagombania waitwe kijiji!! Sijawahi ona nchi watu wanakataa kupandishwa cheo.

Kibaigwa Halisi: Mama Wawili naomba unielewe sikusema mahindi tunalima yote. Nimesema SOKO. Kwetu gunia linapanda mzani, huko kwenu tenga la nyanya linajazwa mpaka linaota kichwa, linafunikwa na majani, mkulima anaambiwa ni tenga moja. Huo ni mji gani wa lumbesa.

Mama Wawili: Mimi sijakutaja popote kaka, nimeongelea umeme.

Mnyalu Asilia: Hapo kwenye kichwa cha tenga uongo sisemi, inauma. Ila anayejaza ni nani? Dalali. Na madalali wengi wanatoka wapi?

Scania Tupu: Tumeanza. Dalali ndo anajua Kariakoo kuna nini usiku huu, wewe mkulima ukipakia mwenyewe ukafika umekuta gari 40 zimetangulia utamuuzia nani, utaziogea? Heshimuni kazi za watu. Hizo gesti na baa mnazoita mji zimejaa kwa hela ya nani kama sio sisi?

Dada Turiani: Nyie angalau mna madalali wa kugombana nao. Huku Madizini mji mzima unategemea miwa, msimu ukikaa vibaya mpaka fundi cherehani anakaa nje anaangalia barabara. Mzee wa Kitonga hoja yako ya ardhi naiunga mkono, hiyo ndo ya msingi, vijana wa kuzaliwa hapa wanapanga chumba kwenye shamba la babu zao.

Mzee wa Kitonga: Ahsante binti, nilidhani naongea peke yangu. Novemba 2024 wenzetu wa vijijini walichagua mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wao wa halmashauri, sisi tukaishia kitongoji. Anayeamua viwanja vipimwe wapi sikumpigia kura. Nani anajibu hili?

Scania Tupu: Mzee hilo la kura baadae. Huyu Mnyalu kanitukana kazi yangu, aseme hapa hapa, tenga lisipokuwa na kichwa hasara ya zile zinazopondeka kushuka mlima Kitonga analipa baba yake?

Mnyalu Asilia: Baba yangu muache. Kwani wewe ukiendesha taratibu unapungukiwa nini?

Karani 22: Hivi kuna mtu ana bei ya tenga ya leo Ilula?